Niiite mwenyewe kazi bora, au ningoje wengine waseme?

SAFU YA USHAURI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwongozaji wa filamu, mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Bagamoyo. Nimefanya filamu fupi, na nimekuwa msaidizi wa mwongozaji kwenye tamthilia za televisheni. Sasa nimemaliza filamu yangu ya kwanza ndefu, ya dakika 94. Inahusu mjane aliyeachiwa majaruba ya chumvi na marehemu mumewe, na mashemeji wanaotaka kumpokonya. Tumepiga karibu yote hukuhuku, kwenye mashamba ya chumvi na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Aliyetoa fedha ni baba yangu mdogo, mfanyabiashara wa mbao. Ametoa shilingi milioni 18 na hajaniuliza hata siku moja zimekwendaje.

Mwezi uliopita nilialikwa redioni. Mtangazaji akaniuliza, "Dada, hii filamu yako ikoje?" Nikajibu bila kufikiri: "Hii ndiyo kazi yangu bora kuliko zote. Pwani hii haijapata kutoa filamu kama hii." Kipande hicho kikakatwa, kikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Wapo waliopongeza, wapo waliocheka: "Katunga mtihani mwenyewe, kasahihisha mwenyewe, kajipa mia kwa mia."

Baba mdogo amefurahi sana. Anataka maneno hayo yakae juu kabisa kwenye bango, kwa herufi za dhahabu, na jina langu chini yake. Mchapaji anasubiri faili, mabango 200.

Shida iko upande mwingine. Fundi wetu wa sauti aliposikia alinitumia ujumbe mmoja tu: "Hongera kwa kazi YAKO bora." Tangu siku hiyo simu zangu hapokei. Huyu ni mtu aliyesimama nasi juani na akakubali kuchukua nusu ya malipo, nusu nyingine tumalizane filamu ikishauzwa. Mama naye amenuna, anasema mwanamke aliyelelewa hajipigii vigelegele. Mwigizaji wangu mkuu ndiyo kabisa, ananiambia nisirudi nyuma hata hatua: wanaume kwenye fani hii wanajiita wafalme na magwiji kila wiki, na hakuna mama anayewanunia.

Na mimi, Mshauri, nisikufiche, naamini nilichosema. Kuna shoti moja ya dakika nne ambayo haikukatwa hata mara moja. Mjane ameinama anakwangua chumvi. Nyuma yake mnunuzi anapima magunia, anampunja, naye anaisikia mizani ikigonga kabla ya wakati lakini hageuki. Hakuna mazungumzo. Upepo ulituharibia sauti yote, ikabidi fundi aitengeneze upya studio: ukwanguaji, mizani, nyayo kwenye tope. Kila nikiiangalia mwili unasisimka. Waliokwisha kuiona filamu ni timu yetu, baba mdogo na mkewe, na rafiki zangu wawili niliosoma nao sanaa. Wote walitoka na machozi.

Nataka kuipeleka kwenye tamasha la Zanzibar na mengine ya nje. Fomu inataka maelezo ya mwongozaji, na sentensi ya kwanza niliyoandika ni ileile ya redioni. Nimeifuta, nimeirudisha, nimeifuta tena. Je, mwongozaji ana haki ya kuiita kazi yake hivyo? Au niende kujikanusha?

Mwenye Majaruba, Bagamoyo

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera. Kuifikisha filamu ndefu mwisho, sauti imechanganywa na rangi zimesawazishwa, si jambo dogo. Nyingi za bajeti kama yako huishia kwenye diski ngumu zikisubiri fedha za kumalizia.

Nikikusoma vizuri, unauliza kama mwongozaji anaruhusiwa kuiita kazi yake bora. Lakini barua yako ina watu wengi kuliko swali hilo. Yumo anayedai nusu ya malipo yake, yumo aliyetoa milioni 18, yumo mama, yumo mwigizaji asiyetaka uinamishe kichwa. Wote wamesikia maneno yaleyale na kila mmoja ameondoka na lake. Kwa hiyo nitakujibu swali lako, ila sitakaa nalo peke yake.

Kwanza, hukuanza wewe. Mei 2009, kwenye tamasha la Cannes nchini Ufaransa, waongozaji wawili wakubwa walifanya ulichofanya, kila mmoja kwa njia yake. Mwandishi mmoja alimtaka Lars von Trier wa Denmark aitetee filamu yake Antichrist, naye akajibu kwamba yeye ndiye mwongozaji bora duniani. Quentin Tarantino wa Marekani alipita mlango wa nyuma: filamu yake Inglourious Basterds inakwisha kwa mhusika anayetazama alichokichora kwa kisu na kusema huenda hii ikawa ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na hapohapo linatokea jina la Tarantino. Kisha majaji wakatoa tuzo. Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, ikaenda kwa Michael Haneke. Kwenye filamu ya von Trier aliyetuzwa ni mwigizaji wake, Charlotte Gainsbourg. Kwenye ya Tarantino pia ni mwigizaji, Christoph Waltz. Waongozaji wenyewe walirudi mikono mitupu.

Sisemi majaji waliwaadhibu, na filamu zote mbili zinatazamwa mpaka leo. Ninachotaka ukitazame ni namna ya kusema. Tarantino alitanguliza "huenda", akabaki kwenye kazi zake mwenyewe, na akamtwisha mhusika maneno hayo. Anayetaka kucheka atacheka, anayetaka kuamini ataamini. Tena alikuwa na filamu kadhaa nyuma yake na Palme d'Or ya mwaka 1994, kwa hiyo msikilizaji alikuwa na cha kulinganisha. Wewe redioni ulisema sentensi mbili. Ya kwanza, kwamba hii ndiyo bora kati ya kazi zako, ni hukumu unayoiweza, maana hakuna azijuaye kazi zako kukuzidi. Ya pili, kwamba pwani hii haijapata kutoa mfano wake, ndiyo iliyokupeleka kwenye kesi ya watu wengine. Umezitazama filamu zote zilizotoka Tanga mpaka Mtwara, na Unguja na Pemba? Sikuulizi kwa kukusuta. Mtangazaji yeyote makini atakuuliza hivyohivyo, na ni vizuri ujibu ukiwa umejiandaa.

Halafu kuna suala la muda. Jarida la Sight and Sound la Uingereza limekuwa likiwauliza wahakiki kila baada ya miaka 10, tangu 1952, filamu ipi ni bora kuliko zote. Citizen Kane ya Orson Welles ilikaa kileleni kuanzia 1962 hadi 2002. Mwaka 2012 ikaondolewa na Vertigo ya Alfred Hitchcock, ambayo ilipotoka mwaka 1958 wahakiki waliipokea nusunusu. Mwaka 2022 ikapanda Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, iliyotoka mwaka 1975 mwenyewe akiwa na miaka kama 25. Akerman alikuwa amefariki tangu 2015. Na filamu hiyo, kwa zaidi ya saa tatu, inamwonesha mjane akimenya viazi, akitandika kitanda, akisafisha bafu, kwa shoti ndefu zisizokatwa. Nadhani unaelewa kwa nini nimeichagua hiyo kukutajia. Akikuambia mtu kwamba dakika nne za kukwangua chumvi ni nyingi, hana hoja ya kutosha. Ila na wewe hujapata bado njia ya kujua kwamba zinatosha.

Maana unasema wote walioiona wametoka na machozi. Hebu warudie mmojammoja. Timu imeijenga. Baba mdogo na mkewe fedha yao imo, na wewe ni mtoto wao. Rafiki zako mmekaa darasa moja, mnapenda vitu vilevile. Machozi yao ni ya kweli, sibishi, lakini hayo ni machozi ya watu wanaokula chungu kimoja nawe.

Kabla ya mabango 200, fanya onesho la majaribio. Tafuta watu 15 hadi 20 wasiokujua: wafanyakazi wa chumvi, mama lishe, bodaboda, wanafunzi wachache wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, ambao hujawahi kukaa nao. Mwenye kibanda umiza atakukodishia asubuhi, siku isiyo na mpira. Usitoze kiingilio, onesho la hadharani linasubiri filamu ihakikiwe na kupangiwa daraja na Bodi ya Filamu Tanzania. Mtu mwingine awakaribishe, na asitaje kipande cha redioni. Wewe kaa pembeni mbele, mahali unapoona nyuso badala ya skrini, na daftari lenye saa na dakika. Andika simu ikiwaka, mtu akitoka, kicheko kikija usipokitarajia. Simu moja si kitu. Tatu ndani ya dakika moja, hapo pana jambo.

Wakimaliza, usiwaulize "mmeipenda?" Watu wetu wana adabu, hawatakuvunjia heshima mbele ya wenzako, watasema "nzuri, hongera" na utarudi nyumbani bure. Mwambie mmoja akusimulie kisa kama anavyomsimulia jirani yake. Uliza nani hawakumwelewa, na wapi walichoka. Aulize mtu mwingine, wewe ukiwa nje. Majibu ya kuandika ni bora zaidi kwa wanaopenda kuandika. Wengine waache waongee, mrekodi kwa simu.

Na hapa ndipo shoti yako itakapopimwa kwelikweli. Studio umeisikia kwa spika nzuri, kwenye chumba kilichozibwa. Kibandani kuna bati juu, feni, na pengine jenereta nje. Ukwanguaji wa chumvi ni sauti nyembamba ya juu; kwenye spika za bei rahisi hugeuka kuwa kama mchuruziko wa maji. Mlio wa mizani ikigonga ni wa chini, na sauti za chini ndizo zinazomezwa na feni na jenereta. Sasa fikiria mizani isiposikika. Mjane hageuki, ndiyo, lakini mtazamaji hajui kwamba kuna cha kugeukia. Ataona mwanamke anakwangua chumvi kwa dakika nne na mwanamume anapima magunia. Maana yote ya shoti imepotea, na si kwa kosa la uongozaji wala la mwigizaji. Dawa huwa ndogo tu: kuipandisha mizani peke yake kwa desibeli mbili au tatu, labda na kupunguza upepo kidogo sekunde chache kabla, bila kugusa mengine. Lakini anayeweza kulifanya hilo bila kuharibu ni aliyezitengeneza sauti hizo, ambaye hapokei simu zako.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu barua yako yenyewe inalisema. Uliponieleza moyo wa filamu yako ulinieleza mlio. Ukisoma tena ujumbe wake, hakubishi kwamba filamu ni bora. Anauliza ni ya nani, na anauliza akiwa na nusu ya fedha zake mfukoni mwako. Huenda angelikuwa amelipwa yote, neno lako la redioni lingempita. Huenda pia lisingempita, mafundi wana fahari zao. Hilo ukalisikie kwake.

Ubishi huu wa filamu ni ya nani ni wa zamani. Mwaka 1954 François Truffaut, kijana Mfaransa wa miaka 21, aliandika makala kali kwenye jarida la filamu la Cahiers du cinéma, na kutoka kwake na wenzake ikaenea fikra kwamba filamu ni ya mwongozaji kama kitabu kilivyo cha mwandishi. Fikra hiyo imeleta mengi mazuri, na imewafanya waigizaji, wahariri na wapiga picha wengi kuuma meno. Tazama bango lako: limeandikwa "Filamu ya" fulani? Hiyo pia ni dai, hata bila neno "bora".

Kuhusu mama na mwigizaji wako, naona kila mmoja ana nusu ya haki. Mama anasimama kwenye lile la chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mapapai sokoni sawa. Filamu haijiuzi: inajazwa kwenye fomu, inabebwa kwenye diski, inapigiwa simu, inaelezwa kwa wasioijua. Mwongozaji anayekaa kimya kwa adabu mara nyingi huishia kuelezewa na watu wasiomuelewa. Na mwigizaji wako hakosei kwamba mwanamke hupimwa kwa mizani tofauti. Ukitoka kesho kuomba radhi hadharani, wengi watasoma kwamba umenyamazishwa, na wasichana wanaotaka kuongoza watakuwa wamekuona. Hatari hiyo ni ya kweli, sikushauri uipuuze. Ila kati ya kujikanusha na kurudia palepale kuna nafasi kubwa. Unaweza kuibakiza sentensi yako ya kwanza, kwamba hujawahi kufanya kazi bora kuliko hii, ukaongeza sababu mbili na majina mawili ya waliokuwezesha. Ukiamua kuibakiza na ya pili, ni uamuzi wako, lakini ujue kila mhakiki atakayeandika ataanzia hapo, na filamu ya kwanza ina makosa yake hata ikiwa nzuri. Hayo ndiyo yatakayotafutwa kwanza.

Bango ni jambo jepesi kidogo, kwa sababu lina vipimo. Ukubwa wa A2 ni sentimita 42 kwa 59.4, na mpita njia aliye juu ya bodaboda ana sekunde chache nalo. Katika sekunde hizo anahitaji uso mmoja, jina la filamu, mahali, siku, saa na kiingilio. Maneno ya baba mdogo yatakula nafasi ya kimojawapo. Tena dhahabu ya kwenye kompyuta si dhahabu ya kwenye karatasi: ukichapa kwa rangi nne za kawaida inatoka kama haradali au hudhurungi, na dhahabu ya kung'aa inataka wino maalumu au karatasi ya kubandika, gharama nyingine hiyo. Na msomaji wa sifa hushusha macho kuona nani kasema. Akikuta aliyesema ndiye aliyeongoza, sifa imekufa palepale.

Mweleze hayo kwa heshima, ukianza na shukrani, maana nahisi anachotafuta ni uhakika kwamba fedha yake haikupotea. Kuna wazo ambalo huenda likamfaa: acheni nafasi tupu juu ya bango. Onesho la majaribio likimtoa mtazamaji mmoja, hata mkwangua chumvi, aliyesema sentensi ya kweli na akakubali jina lake litumike, iwekeni hapo. Msitunge, wala msimsemee. Chapeni mabango 20 kwanza kwa mashine ya dijitali, 200 baadaye.

Fomu ya tamasha nayo ni mahali pengine kabisa. Anayechagua ana filamu nyingi za kutazama, na dakika 10 za mwanzo zitamwambia zaidi ya sifa yoyote. Maneno 150 hadi 250 yanatosha. Mpe kile ambacho filamu haiwezi kumwambia. Kwa mfano chumvi: saa sita mchana weupe wake hurudisha mwanga mkali, kamera ikifuata weupe nyuso zetu nyeusi zinazama gizani, ikifuata nyuso chumvi inaungua na kuwa karatasi tupu. Mlilitatuaje? Mlipiga alfajiri, mlisubiri saa kumi alasiri, mlitumia kioo cha kupunguza mwanga, mliinua kitambaa kurudisha mwanga usoni? Aya moja ya namna hiyo inamfanya aone kwamba aliyeishika kamera na aliyeiongoza walijua wanachofanya. Mengine haraka: kiungo cha kutazamia kiwe na nywila ambayo hutaibadilisha mpaka majibu yatoke, filamu nzima usiiweke wazi YouTube kwa kuwa matamasha mengi yanataka kuwa ya kwanza kuionesha, na manukuu ya Kiingereza yasizidi mistari miwili, herufi kama 42 kila mstari.

Sentensi yako ya kwanza usiifute kwa hasira. Ihamishie kwenye faili la pembeni. Ukishasikia waliyosema wale 20, utajua kama unataka kuirudisha, na kwa maneno yapi.

Fundi wa sauti usimpigie tena. Nenda kwake, na uende na chochote unachoweza kumpunguzia deni, na karatasi yenye tarehe za kinachobaki, zisizotegemea filamu kuuzwa. Muulize jina lake angependa likae wapi kwenye bango. Kama atakubali kuja kibandani, yeye ndiye akae kwenye mashine. Mchapaji mwambie asubiri wiki mbili, hatakosa kazi. Na ukishafanya onesho, niandikie watu wa chumvi walisema nini, hasa wakikuudhi.